Poutine: Mlo uliodharauliwa wazua mvutano wa umiliki Kanada

MAPEMA mwezi wa Machi 2022, siku chache baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine, mkahawa wa La Maison de la Poutine nchini Ufaransa ulilazimika kutangaza kwamba hauna uhusiano wowote na Rais Vladimir Putin. Matusi na vitisho vilikuwa vimeuandama kwa sababu ya jina tu. Kwa Kifaransa, jina la kiongozi huyo huandikwa Poutine, sawasawa na mlo unaouzwa hapo.

Mlo wenyewe hauna hata chembe ya siasa za Urusi. Ni vibanzi vya viazi vilivyotiwa mabonge ya jibini changa, kisha vikamwagiwa mchuzi mzito wa rangi ya kahawia, ungali moto. Asili yake ni Quebec, mkoa wa Kanada ambao wakazi wake wengi huzungumza Kifaransa.

Siri ya ladha imo katika jibini. Hilo ni maziwa yaliyogandishwa na kukatwa vipande, kabla hayajashindiliwa na kuachwa yakomae. Likiwa jipya hutoa mlio mwembamba baina ya meno, mithili ya soli ya raba juu ya sakafu yenye maji. Mlio huo hufifia baada ya siku moja hivi. Ndiyo maana poutine ilizaliwa vijijini, karibu na viwanda vidogo vya maziwa, wala si katika jiji la Montreal. Wanaoijua vyema husema kuwa anayetumia jibini la kukwaruzwa lililokaa dukani wiki nzima huandaa kitu kingine kabisa, na ni vigumu kuwapinga.

Ni nani hasa aliyeibuni? Wakazi wa mji mdogo wa Warwick humtaja mwenye mkahawa Fernand Lachance. Inasimuliwa kwamba mwaka 1957 mteja alimwomba amchanganyie vibanzi na jibini katika mfuko mmoja, naye akanung'unika kuwa hiyo ingekuwa poutine, yaani, kwa lugha ya mtaani ya Quebec, mchafukoge. Wenzao wa Drummondville hujibu kwamba Jean-Paul Roy wa mkahawa wa Le Roy Jucep ndiye wa kwanza kuuza viungo vyote vitatu pamoja, mwaka 1964. Ubishi huo ungalipo.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna aliyegombea heshima hiyo nje ya vijiji hivyo. Poutine ilikuwa chakula cha vibandani na cha walevi wa usiku wa manane. Wakanada wanaozungumza Kiingereza waliitumia kuwakejeli Wafaransa wa Quebec, na hata wasomi wa Quebec wenyewe waliionea haya. Mwaka 2000, mchekeshaji Rick Mercer alimhadaa George W. Bush, aliyekuwa akiwania urais wa Marekani, kwa kumwambia kwamba waziri mkuu wa Kanada, "Jean Poutine", anamuunga mkono. Bush hakung'amua mzaha huo. Waziri mkuu wa wakati huo alikuwa Jean Chrétien, mzaliwa wa Quebec.

Mambo yakageuka. Mkahawa wa kifahari wa Au Pied de Cochon mjini Montreal, uliofunguliwa mwaka 2001, uliipandisha hadhi poutine kwa kuitia maini ya bata. Mwaka 2016, vijipande vyake viliandaliwa Ikulu ya Marekani katika dhifa ya kumlaki Justin Trudeau. Leo McDonald's huiuza kote Kanada, na watalii huambiwa kuwa hicho ndicho chakula cha taifa.

Hapo ndipo penye donda. Mwaka 2017, mtafiti Nicolas Fabien-Ouellet kutoka Quebec alizua gumzo alipodai kwamba kuiita poutine chakula cha Kanada ni kuwapokonya watu wa Quebec kilicho chao, tena baada ya kuchekwa kwacho. Hakukataza yeyote kuipika wala kuila. Alichotaka ni asili yake itajwe. Wapo waliomwona kuwa anakuza jambo dogo. Lakini mbele ya watu ambao mwaka 1995 walipiga kura ya kujitenga na Kanada, ambapo waliokataa walishinda kwa asilimia 50.58 pekee, jina la taifa katika sahani si jambo dogo.

Vyakula vingine vya haraka vya nchi hiyo havina uchungu huo. Piza yenye mananasi, ambayo wengi hudhani ni ya Hawaii, ilibuniwa mwaka 1962 mkoani Ontario na Sam Panopoulos, mhamiaji kutoka Ugiriki. Nayo donair, nyama ya kusaga iliyokolezwa viungo na kumiminiwa mchuzi mtamu wa maziwa, ilianzishwa Halifax na wahamiaji kutoka nchi hiyo hiyo. Mwaka 2015, madiwani wa Halifax waliitangaza kuwa chakula rasmi cha mji wao. Wapo walioibeza kwa utamu wake, ila hakuna aliyelalamika kuporwa.

Vita vya Ukraine vilipozuka, Le Roy Jucep, mkahawa unaojinadi kuwa chimbuko la poutine, uliliweka kando jina hilo kwa muda kama ishara ya kumpinga Putin. Wateja wakawa wanauziwa vibanzi, jibini na mchuzi.