Ukristo Ulivyoingia Nyumba za Wakorea

Sisi wa pwani hii tumezoea kuona misheni na bendera ya Mzungu zikifuatana, hata wengi wetu hudhani kwamba Ukristo haukuenea popote ila kwa nguvu ya serikali. Korea yaikanusha dhana hiyo. Huko mtawala mgeni hakuwa Mkristo, alikuwa Mjapani. Na kitabu kilifika kabla ya mhubiri. (Habari za Wakatoliki, walioanza mwaka 1784 na kuuawa kwa maelfu, twaziacha, hapa twasema juu ya Waprotestanti.)

Mwaka 1882, nchi ikiwa bado ngumu kwa Mzungu kuingia, mmishenari wa Kiskoti aitwaye John Ross alipiga chapa Injili ya Luka kwa Kikorea huko Manchuria, akisaidiwa na Wakorea waliovuka mpaka. Agano Jipya zima likatimia mwaka 1887. Mmoja wa wasaidizi hao, mfanyabiashara Seo Sang-ryun, alivipenyeza vitabu nchini, na katika kijiji cha Sorae pakawa na waumini kabla ya Wamarekani Underwood na Appenzeller kushuka bandarini mwezi wa Aprili 1885.

Lililo kubwa zaidi ni hati iliyochaguliwa. Mfalme Sejong aliwatolea watu wake herufi zao wenyewe mwaka 1446, nazo ni rahisi mno kujifunza. Lakini wanavyuoni walishikilia maandishi ya Kichina, wakazibeza herufi hizo na kuziita za wanawake. Zikakaa zaidi ya karne nne zikitumika kwa barua na hadithi za nyumbani. Kitabu cha Ross kiliandikwa kwa hizo hizo zilizobezwa, kikapita mlango wa jikoni.

Wanawake wa jamaa bora walikaa ndani, mwanamume mgeni asiweze kuwafikia. Walioingia ni wanawake wenzao wa Kikorea, waliokwenda kwa miguu nyumba hata nyumba, wakifundisha kusoma na dini pamoja. Wengi wa wanafunzi wao hawakuwa na jina rasmi: binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani, basi. Siku ya kubatizwa ndipo walipopata jina lao wenyewe. Mwenye kustaajabu kwa nini mwanamke kama huyo hakurudi nyuma, na alitafakari hilo kwanza.

Kisha ni habari ya mali. Mwaka 1890 John Nevius, mmishenari wa Uchina, aliwashauri wenzake wa Korea kwamba waumini wajijengee nyumba za ibada na kuwalisha wahubiri wao wenyewe. Basi mama apikapo alitenga konzi ya mchele, na mchele huo ukawa posho ya mhubiri.

Japani ilipoinyakua nchi mwaka 1910, Ukristo ukaonekana kuwa upande wa wenyeji. Katika watu 33 waliotia sahihi tangazo la uhuru la tarehe 1 Machi 1919, 16 walikuwa Wakristo, ingawa Wakristo walikuwa wachache mno nchini. Si wote waliosimama imara: mwaka 1938 baraza kuu la Wapresbiteri, mbele ya macho ya polisi, lilikubali kuinamia mahekalu ya Kijapani. Mchungaji Ju Gi-cheol alikataa, akafia gerezani mwaka 1944.

Nchi ilipokatwa vipande viwili mwaka 1945, Wakristo wengi wa kaskazini walikimbilia kusini. Ongezeko kubwa lilikuja baada ya vita vya 1950 hadi 1953, watu walipomiminika mijini kutafuta kazi. Kanisa la Yoido lilianza mwaka 1958 kwa watu wachache nyumbani kwa Choi Ja-sil, mwanamke aliyekuja kuwa mkwewe mchungaji Cho Yong-gi. Likafikia mamia ya maelfu, waliogawanywa katika vikundi vya nyumbani vilivyoongozwa zaidi na wanawake.

Mwaka 2014 Cho alitiwa hatiani kwa kulisababishia kanisa hilo hasara ya mali. Hesabu ya watu ya kusini ya mwaka 2015 ilionyesha Waprotestanti karibu 20 katika kila 100, na wasio na dini yoyote 56, wakizidi hasa miongoni mwa vijana. Na mojawapo ya makanisa makubwa ya Kipresbiteri ya huko mpaka leo haliwakubali wanawake kuwa wachungaji.