Pasi ya umeme: tuitunze mbele haijatuumiza

Wafanyakazi wenzangu, na ninyi mama wa nyumba,

Ku kazi hakuna mutu anayefungua mashini bila kukata umeme kwanza na kutia kufuli yake. Akifanya vile, shefu anamusimamisha palepale. Lakini mutu huyo huyo, akifika kwake jioni, anafungua pasi ya bibi yake na kisu cha jikoni, fishi ingali mu prizi. Anasema: "Ni pasi tu." Umeme wa nyumbani ni volti 220. Unatosha kabisa kuua mutu mukubwa, sembuse mutoto.

Wakati wa mvua nguo hazikauki vizuri na pasi inafanya kazi kila siku. Basi tuangalie pamoja namna ya kuitunza na kujua ugonjwa wake.

Juu ya nini tunapiga pasi?

Si kwa uzuri tu. Kuko inzi mumoja wa rangi ya manjano na kahawia anayetaga mayai mu muchanga wa kivuli na pa nguo zenye unyevu, zaidi zile zenye harufu ya jasho ao ya mukojo. Kisha siku 1 hata 3 mayai yanapasuka. Funza mudogo sana anangojea mu nguo, na anaweza kungojea zaidi ya juma moja bila kula. Akisikia joto la mwili, anaingia mu ngozi. Kisha siku 8 hata 12 kunakuwa jipu lenye tundu ndogo katikati, na mutoto analia usiku kucha.

Moto wa pasi unaua mayai na funza. Lakini pasi ipite pande zote mbili za nguo, na zaidi pa mishono, pa mukanda wa suruali na pa vitambaa vya mutoto. Tena tusianike nguo chini juu ya majani. Tuzianike pa kamba, mu jua.

Wengine, nguo zikikataa kukauka, wanaingiza mbabula mu chumba na kufunga dirisha. Hapana, ndugu zangu! Makala yanayowaka yanatoa gazi isiyo na harufu wala rangi. Gazi hiyo inaingia mu damu na kushika nafasi ya hewa safi. Mutu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika. Kisha anazimia, na anaweza kufwa mu usingizi. Pasi ya makala nayo ni ya kutumia inje, ao mu chumba chenye mulango na madirisha wazi.

Namna pasi inavyofanya kazi

Ndani kuko rezistansi, ni kusema waya unaopata moto umeme ukipita. Pasi ya wati 1000 inavuta karibu ampere 4,5. Termostati ndiyo inayopima moto. Imefanywa na vyuma viwili vya namna mbalimbali vilivyogandamana. Vikipata moto vinapindika na kukata umeme. Vikipoa vinanyooka na kuurudisha. Ndiyo maana taa ndogo ya pasi inawaka na kuzimika. Huo si ugonjwa.

Pasi nyingi ziko na fuzibu ya moto vilevile. Termostati ikiharibika, fuzibu hiyo inakatika ili pasi isiwashe nyumba. Fundi wa njiani akiunga waya pahali pa fuzibu hiyo, pasi itafanya kazi, lakini mulinzi wa mwisho ameondoka.

Mwisho, mu kamba kuko waya 3: fazi, netre, na waya wa udongo wenye rangi ya kijani na manjano. Huo wa tatu hausaidii pasi kupata moto. Unasaidia mutu kubaki muzima: kama umeme unagusa chuma cha pasi, unapita mu waya ule mbele ya kupita mu mwili wako. Mutu anayeukata kwa sababu prizi yake iko na matundu mawili tu, amejitolea ulinzi yeye mwenyewe.

Pasi inagonjwa: dalili na dawa

Mbele ya yote, utoe fishi na ungoje pasi ipoe. Kuzima kwa kitufe hakutoshi.

1. *Haipati moto hata kidogo.* Ujaribu prizi kwa taa ya meza. Taa ikiwaka, ugonjwa uko mu pasi. Angalia kwanza kamba, pale inapoingia mu pasi: pale ndipo inapindwa kila siku na waya zinakatika ndani. Usiitikise fishi ikiwa mu prizi. Fundi mwenye ohmetere atapima kati ya miguu miwili ya fishi, termostati ikiwa imefunguliwa: pasi ya wati 1000 inaonyesha karibu ohmu 48. Sindano isipotikisika kabisa, kitu kimekatika: kamba, termostati, fuzibu ao rezistansi. Kamba mbaya inabadilishwa nzima, kwa kamba inayovumilia moto. Haiungwi kwa skochi.

2. *Fuzibu ya nyumba inakatika, ao disjonteri inaanguka.* Ikianguka pasi ikiwa peke yake, waya zinagusana ndani, usiitumie. Ikianguka wakati pasi na resho ziko mu multiprizi moja, muzigo umezidi. Resho ya wati 2000 na pasi ya wati 1000 zinavuta pamoja karibu ampere 13,6, na multiprizi ya ampere 10 haiwezi kubeba hiyo. Usitie waya munene pahali pa fuzibu. Fuzibu ikikataa kukatika, waya wa mu ukuta ndio utawaka.

3. *Inapiga mutu.* Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Mama wengine wanavaa kandambili na kuendelea, kwa sababu "inapiga kidogo tu, kama sindano." Leo mukono ni mukavu. Kesho mukono utakuwa na maji ao jasho, na sindano itakuwa nyundo. Umeme wa karibu miliampere 10 unaweza kukaza mukono mutu asiweze kuachilia. Ukizidi 30 unaweza kuvuruga moyo. Pasi hiyo iwekwe kando siku ileile. Fundi apime, fishi ikiwa inje ya prizi: kati ya mguu wa fazi ao wa netre na chuma cha chini, sindano isitikisike, kati ya waya wa udongo na chuma kile, ionyeshe karibu 0.

4. *Inachoma nguo, taa haizimiki.* Termostati imegandamana na haikati tena. Usiitumie hata kwa dakika chache.

5. *Inakwama juu ya nguo.* Chuma ni chafu. Pasi ikiwa baridi, upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, kisha ukaushe. Usikwangue kwa kisu wala muchanga. Mukwaruzo unashika uchafu mupya.

6. *Pasi ya muvuke inatema maji.* Mara nyingi moto ni mudogo kuliko unaohitajiwa na muvuke. Uongeze na ungoje. Ikitema uchafu mweupe, ni chokaa ya maji. Utie maji safi, utoe fishi mbele ya kujaza, na umwage maji yaliyobaki kila ukimaliza.

Usizungushie kamba pasi ingali moto. Usivute kamba kwa kutoa fishi. Ushike fishi yenyewe. Na ralonji iliyozungushwa kama nyoka inapata moto yenyewe kwa yenyewe: ifungue yote.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaweza kupotea. Mama anapiga pasi, umeme unakatika. Anaacha pasi juu ya blanketi ya meza, chuma kikiangalia chini, anaenda kupika. Giza, hakuna taa ya kumukumbusha. Wote wanalala. Katikati ya usiku umeme unarudi, na pasi inaanza kazi peke yake juu ya blanketi. Kwa nguo za pamba chuma kinafika karibu digri 200.

Basi tufundishane, pamoja na watoto: umeme ukikatika, mukono wa kwanza uende pa fishi. Fishi ya pasi, fishi ya resho. Mushumaa tutautafuta kisha.

Wenye mashini ya kukausha nguo

Jamaa zingine zimenunua mashini ya kukausha iliyotumiwa Ulaya. Inavuta mara nyingi wati 2000 hata 3000: inaomba prizi yake yenyewe yenye waya wa udongo, si ralonji. Ikizunguka lakini nguo hazikauki, angalia kwanza chujio. Nyuzi za nguo zimeliziba, hewa haipiti. Ulisafishe kila mara unapotumia mashini. Nyuzi zile zinawaka mbio sana. Usafishe vilevile bomba la hewa ya moto. Ikizunguka bila moto, mara nyingi fuzibu ya moto imekatika kwa sababu ya kuziba. Fundi aondoe kizuizi mbele ya kutia fuzibu mupya. Salopeti yenye mafuta ao petroli isiingie kamwe. Hata ikifuliwa, mafuta yanabaki, na yanaweza kuwaka.

Kama hatari imefika

*Mutu ameshikwa na umeme.* Usimuguse. Kata umeme pa disjonteri ao utoe fishi. Isipowezekana, simama juu ya ubao mukavu na umusukume pasi kwa muti mukavu. Kama hapumui, umulaze chali, ufinye kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hata 120 kwa dakika, bila kuchoka, wakati mwingine anaita musaada. Hata akiamka na kusema "niko muzima", aende ku lupitali: moyo unaweza kusumbuka kisha.

*Mutoto ameungua.* Tia pahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta ya mawese, si yai. Usipasue lengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Kama kidonda kinapita kiganja cha mutoto mwenyewe, ao kiko pa uso, pa mikono ao pa sehemu za siri, mumulete mbio.

Mukate kipande hiki, mukibandike pa ukuta

- Miguu na mikono mikavu mbele ya kushika pasi.
- Pasi inayopiga haitumiwi tena mupaka fundi aipime.
- Pasi inasimama. Hailali juu ya nguo.
- Mutoto mudogo hachezi karibu na kamba.
- Umeme ukikatika, fishi inje.

Mufanyakazi, ku kazi unavaa kofia ili urudi kwako muzima. Ukirudi, angalia pasi ya nyumbani leo jioni. Ni kazi ya dakika 5.