Tumbo Likivimba, Tuulize na Moyo

Mtu akivimba miguu na tumbo, hapa kwetu Butembo na Beni tunasema haraka: "Ni maini," au "Amewekewa sumu." Jamaa wanatafuta majani ya kusafisha maini, wiki zinapita. Kumbe mara nyingine aliyechoka ni moyo.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kama lita 5 kila dakika, na karibu robo yake hupitia maini. Kutoka hapo, damu hurudi upande wa kuume wa moyo. Moyo ukilegea, damu hukwama nyuma yake, kama maji ya mvua yanavyojaa uwanjani mtaro ukizibwa huko chini. Maini huvimba na kuuma chini ya mbavu za kuume. Miguu hujaa maji, kisha tumbo. Macho yanaweza kuwa ya manjano.

Katika nchi tajiri, moyo uliochoka kabisa husaidiwa na pampu ndogo inayowekwa kifuani. Damu ikitembea tena, maini ya wagonjwa wengi huanza kufanya kazi vizuri. Lakini pampu hiyo kwa kawaida husaidia upande wa kushoto tu. Upande wa kuume ukiwa dhaifu, maini hubaki yamejaa. Na maini yaliyojaa miaka mingi hupata makovu, hata pampu haiyafuti.

Pampu hiyo iko mbali nasi, lakini funzo lake ni letu: ukisaidia moyo mapema, unaokoa na maini. Daktari ana dawa za kutoa maji mwilini kwa mkojo na za kusaidia moyo. Nyumbani tunapunguza chumvi. Majani makali yanaweza kuyaumiza zaidi maini yaliyokwisha kulemewa.

Tuwaangalie hasa wazazi wapya. Kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kuzaa, moyo wa mama unaweza kulegea. Akikosa pumzi anapolala chali, asingojee. Na mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya: koo lisilotibiwa linaweza kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo.

Basi tukimpeleka mgonjwa aliyevimba, tumuulize daktari: "Na moyo wake, umepimwa?"