Binti akitaka kuwa asistanti sosiali



Binti yako akitoka masomo na kusema, "Mama, ninataka kuwa asistanti sosiali," unamjibu nini? Wengi wetu tunasema haraka: "Kazi ile haina makuta. Tafuta ya kampuni." Kabla ya kusema hivyo, tutazame njia ya mama mmoja anayejulikana hapa Kolwezi.

Sista Catherine Mutindi ni Mkenya, wa shirika la Bon Pasteur, yaani Mchungaji Mwema, lililoanzishwa Angers, Ufaransa, mwaka 1835. Alifika kwetu mwaka 2012. Wakati ule watoto wengi waliokota na kuosha mawe ya shaba na kobalti, na wamama pia. Kazi ya masista ilikusanya mambo matatu: darasa la watoto, ufundi na kilimo kwa wamama, na mikutano ya watu kuhusu haki zao. Mwaka 2019 Sista Catherine alipewa Tuzo ya Opus, dola milioni 1, kwa kazi hiyo.

Kwa nini mambo matatu, si darasa tu? Wewe mama unajua. Mtoto anaenda kwenye mawe kwa sababu sufuria ya bukari iko tupu. Ukimtoa bila kuuliza nyumbani kunapikwa nini, juma lijalo utamkuta palepale. Kujua hilo ndiyo mwanzo wa kazi hii.

Asistanti sosiali si mtu wa kugawa unga. Anatembelea nyumba, anasikiliza, anaandika, anarudi tena. Anamfikisha mgonjwa kwa daktari na mtoto masomoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto mpaka miaka 18, na hakimu wa watoto anaweza kumtuma asistanti achunguze maisha ya nyumbani kabla ya kuamua. Anachoandika kinaweza kumrudisha mtoto kwa mamake, ao kumtenga naye. Kwa hiyo moyo mwema hautoshi. Lazima kujifunza, na lazima kufunga mdomo. Siri ya jirani ikifika kwenye bomba la maji, hakuna atakayekufungulia mlango tena.

Njia ya masomo iko wazi. Sekondari kuna sekisheni ya ufundi wa kijamii. Akipata diploma ya Serikali, binti anaweza kuendelea Lubumbashi, kwenye chuo cha ISES. Masomo ya msingi ya Serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari wazazi wanalipa. Hapo likelemba yetu ina kazi: zamu moja kwa mwaka inaweza kuwa ya binti mmoja wa kartie.

Na wewe uliyeacha masomo zamani? Labda ni wewe unayeitwa usiku mama anapopigwa, ao unayemsindikiza jirani kujifungua. Umekwisha kuanza bila cheo. Mafundisho mafupi ya parokia ao ya ushirika yatakuongezea ujuzi.

Juma hili kwenye mkutano, tuulizane: katika kartie yetu, ni mtoto gani hatujamwona masomoni tangu mwezi uliopita, na nani ataenda kumsalimu mamake? Aende bila kugombeza. Akae, asikilize kwanza.