Samaki Hukunjika Hata Akikauka

Samaki mkunje angali mbichi, husema wazazi wa Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kama wasemavyo wa kwingineko, na mwalimu wa darasa la kwanza huishika methali hiyo kama sheria ya kazi. Ndani yake mna dai zito: kwamba mtu huumbwa utotoni, na kinachofuata ni kukauka tu. Saikolojia ya makuzi, wanayosomeshwa walimu wetu vyuoni, hailikubali dai hilo kirahisi. Yenyewe humfuata mtu tangu mimba hadi uzeeni. Erik Erikson aliyagawa maisha katika hatua 8, na 3 kati ya hizo huja baada ya balehe kwisha. Taabu ni kwamba ukuaji hauonekani kwa kukodoa macho. Mwanachuo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea akienda mazoezi ya kufundisha, humkuta mtoto ana miaka 8 na kumwacha ana miaka 8. Basi hatua za Erikson hukaririwa, hujibiwa kwenye mtihani, na mwalimu huingia kazini na samaki wake yuleyule. Hapo ndipo filamu za hali halisi zinapofaa kupewa nafasi darasani: humchelewesha mwalimu kumhukumu mtoto.

Mfano mkubwa ni wa Uingereza. Mwaka 1964 televisheni ya Granada iliwarekodi watoto 14 wa miaka 7, wa matajiri na wa maskini, na kila baada ya miaka 7 Michael Apted aliwarudia na kamera, hadi mwaka 2019 walipokuwa na umri wa miaka 63 hivi. Filamu ya kwanza ilibeba msemo unaonasibishwa na Wajesuiti, kwamba ukipewa mtoto hadi miaka 7 utamwona mtu mzima ndani yake. Ndugu wa damu wa methali yetu. Upande wa pesa na tabaka, methali ilipata ushahidi wa kutosha: wavulana wa kitajiri walizitaja mapema shule watakazosoma, na kwa kiasi kikubwa njia yao ikawa hiyohiyo. Lakini yuko Neil, mtoto mchangamfu kuliko wengi, ambaye alipofika miaka 28 hakuwa na makazi, akizurura Scotland. Alipokaribia miaka 42 alikuwa diwani London. Nani angeyasoma hayo usoni pake akiwa na miaka 7? Hata Apted mwenyewe aliteleza. Alipomrekodi Tony, kijana wa mitaa ya kimaskini, akiwa na miaka 21, alimtembeza kwenye maeneo ya wahalifu, akidhani huko ndiko atakakoishia. Tony akawa dereva wa teksi mwenye familia, na Apted akakiri kosa lake. Kosa hilo peke yake linatosha kwa kipindi kizima, kwa kuwa ndilo analolifanya mwalimu anapomwandika mtoto wa darasa la pili kuwa hafai.

Mtu atasema: filamu nayo hudanganya, kwani mwenye kamera ndiye anayechagua cha kuonyesha. Ni kweli, na walioanza kazi hii walilijua. Mwaka 1952 James Robertson alimrekodi Laura, mtoto wa miaka miwili na nusu hivi, aliyelazwa hospitali siku 8 bila mama yake kukaa naye. Ili asiambiwe kachagua machozi tu, alirekodi saa zilezile kila siku, na saa ya ukutani ikaonekana kwenye picha. Laura halii sana. Anakumbatia dubu wake wa kitambaa, uso unakazana usivunjike, na mama anapokuja kumtazama anageuza kichwa pembeni. Madaktari wengi walioitazama filamu hiyo walikasirika. Lakini mjadala haukuzimika, na mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini bila vizuizi. Mkufunzi akiisimamisha picha pale Laura anapogeuza kichwa na kuuliza “mmeona nini?”, kabla ya kuuliza “hiyo inaitwaje?”, wanachuo hujifunza kutazama kwanza na kutaja jina baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hao ni watoto wa Kizungu, wana nini na Ruangwa? Jibu moja ni kwamba elimu yenyewe si ya Kizungu tupu. Mary Ainsworth, aliyeeleza jinsi mtoto mchanga anavyomfanya mama kituo cha kuondokea na kurudia, alianzia Uganda mwaka 1954, vijijini karibu na Kampala, akiwafuatilia watoto 28 wa familia 26. Jibu la pili liko kusini kwenyewe. Hapa watu wana ngazi zao za umri. Mvulana akitoka jandoni, msichana akitoka unyagoni, jamii humpokea kama mtu mwingine, mara nyingi kwa jina jipya. Jumatatu mtu huyohuyo anakaa dawati lilelile na kuitwa mtoto. Erikson hakuuandika mgongano huo, na filamu za Uingereza haziuonyeshi. Mwanachuo wa Nachingwea anaujua, na akiitazama filamu ya kigeni kama kisa kimoja badala ya kipimo cha wote, ndipo atakapouliza kwa nini huku ni hivi na kule ni vile. Ya nyakanga na kungwi, walezi wa jando na unyago, yabaki kwao. Kamera haina ruhusa kule ndani, wala somo haliihitaji huko.

Kuhusu lugha ya filamu hizo, vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video mitaani, vilishajibu zamani. Mtafsiri kama Lufufu alisimama kati ya filamu na watazamaji, akaeleza, akachomekea utani, akakosoa. Mkufunzi anaweza hilo. Umeme ukikatika, mjadala huendelea gizani, pengine vizuri zaidi. Na simu za wanachuo zinarekodi: kwa ridhaa ya wazazi, watoto wachache wa darasa la kwanza Ruangwa wakiulizwa leo watakuwa nani, kisha wakaulizwa tena baada ya miaka 7, watakuwa vijana waliokwishapitia jando na unyago, na aliyewarekodi mara ya kwanza atakuwa mwalimu mzoefu, anayehitaji kukumbushwa alivyowadhania.