"Sheria" au "Kanuni"? Tatizo la Neno Moja katika Mihadhara ya Fizikia kwa Umma

Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alitoa mihadhara saba katika Chuo Kikuu cha Cornell kwa hadhira isiyokuwa ya wanafizikia peke yao. BBC iliipiga filamu, na mwaka uliofuata ikatolewa kitabu kwa jina The Character of Physical Law. Atakayetaka kuyaeleza yaliyomo kwa Kiswahili mbele ya umma atakwama, si katika hisabati, bali katika neno la mwisho la anwani hiyo. Je, aseme "sheria" au "kanuni"?

Wapo wanaoona kuwa hili ni suala la kamusi tu: istilahi ikishateuliwa, wasikilizaji wataizoea. Sikubaliani nao. Sheria, kwa Mswahili, ina mwenye kuitunga na wenye kuitii. Huvunjwa, na aivunjaye ndiye mkosaji. Natutazame mfano alioutaja Feynman mwenyewe katika mhadhara wake wa kwanza.

Io, mmojawapo wa miezi ya Mushtarii, huizunguka sayari hiyo kwa muda wa saa 42 na nusu hivi, na katika kila mzunguko hupatwa kwa kuingia kivulini mwake. Wataalamu wa falaki walikuwa na majedwali ya nyakati hizo. Hata hivyo, dunia ilipokuwa ikienda mbali na Mushtarii, kupatwa kulichelewa, ilipoikaribia, kuliwahi. Kwa lugha ya sheria, Io amekosa! Mwaka 1676 Ole Rømer, Mdenishi aliyekuwa akifanya kazi Paris, hakumlaumu Io wala hakuzitupa hesabu. Alieleza kuwa mwanga wenyewe huhitaji muda wa kusafiri, akakadiria kuwa huchukua dakika 22 kukata kipenyo cha njia ya dunia. (Kwa vipimo vya leo ni dakika 16 na nusu hivi.)

Mambo hayakwenda hivyo kwa Utaridi, ambayo baadhi ya vitabu huiita Zebaki. Mzunguko wake ulikataa kuafikiana kikamilifu na hesabu za Newton, na safari hii ilibidi kanuni yenyewe irekebishwe, kazi aliyoitimiza Einstein mwaka 1915. Mshtakiwa hakuwa sayari.

"Kanuni" nayo si neno safi. Tanzania ina Kanuni ya Adhabu, na wafungwa wanaijua. Lakini sisi wanaisimu tuna kanuni za sarufi. Mtafiti husikiliza wasemaji, akaunda kanuni. Wasemaji wakisema vinginevyo, huirekebisha kanuni, hawasahihishi wao. (Mwalimu wa shule hufanya kinyume, na huko kanuni hugeuka sheria tena.) Kwa hiyo napendekeza "kanuni", kwa sharti kwamba mhadhiri asimulie kisa cha Io na cha Utaridi kabla ya kuandika mlinganyo wowote ubaoni.