Rimu pana na madigadi: pima kwanza, kunja baadaye

Hapa Pearland kila tukikutana kwenye shughuli lazima kijana aniulize: "Anko, nikifunga rimu pana nikate madigadi?" Siwashangai. Houston ndio mji wa "slab", yale magari yenye rimu za nyaya zilizochomoza nje kama mikuki, na asili yake ni rimu za Cadillac za 1983 na 1984. Nimeona nilijibu swali hili kwa utaratibu.

Kwanza, rimu lazima ikae sawasawa kwenye habu. Camry nyingi zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Rimu za dukani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi, hivyo huwekwa pete ya kujaza nafasi. Bila pete hiyo, usukani unaweza kukutetemekea ukishaingia 288.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kuna namba iliyoandikwa ET. Ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. ET ikipanda, rimu inaingia ndani kwenye shokapu. Ikishuka, inatoka nje kwenye madigadi.

Tuseme rimu ya zamani ina upana wa inchi 6.5 na ET 45, na mpya ni inchi 8, ET 35. Nusu ya upana ukitoa ET: ya zamani inatoka nje milimita 37.5, mpya 66.6. Yaani imesogea nje milimita 29! Ukichagua rimu hiyohiyo yenye ET 45, inasogea 19 tu, ila ndani nako inaingia 19, kwa hiyo pima nafasi ya shokapu. Mara nyingi hesabu hii peke yake inamaliza kesi, na madigadi hayaguswi.

Ikibidi, kunja, usikate. Fundi anavua gurudumu, anafunga rola kwenye habu, anapasha ukingo joto, kisha anaukunja kidogo kidogo. Bila joto rangi inapasuka, na kwa unyevu wa huku kutu haichelewi. Kwa madigadi ya nyuma, ukingo ndipo bati la nje na la ndani yanapoungana. Ukikata pale umeyafungulia maji njia.

Halafu jamani, gari tupu halisemi kweli. Lijaribu likiwa na watu watano na masufuria ya pilau kwenye buti, ukate kona hadi mwisho, upite kwenye tuta. Tairi inayosugua bati inachanika ubavuni, na ikipasuka kwenye mwendo wa barabara kuu wanao ndio wamekaa nyuma.

Angalia pia namba ya uzito kwenye tairi. 95 hubeba kilo 690, 91 hubeba 615. Kwa tairi nne umepoteza kilo 300, bila kuona tofauti yoyote kwa macho.

Nati zikazwe kwa kipimo cha gari lako (Camry nyingi ni Nm 103), zirudiwe baada ya kilomita 80 hadi 160.

Nasisitiza haya kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2025 Texas imefuta ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara. Brazoria na Harris bado wanapima moshi, lakini moshi hausemi kama tairi inasugua. Zamani angalau mara moja kwa mwaka jicho la mtu mwingine lilipita kwenye tairi zako. Sasa limebaki lako.

Nawasilisha. Mwenye ujuzi zaidi aongeze.